Nusu ya Kitabu cha Babu Kamba

Kwa mtu mmoja mmoja, Babu Kamba hakuwa na neno. Mama akija peke yake pale kliniki ya watoto, mwana mgongoni, angempokea mfuko, angemuuliza hali ya mama mkwe, na yule mtoto angemkunjia uso na kumkunjulia mpaka acheke na kumtemea mate kwenye kola. Wakifika wawili, bado ni wageni wake. Wakifika watano, anaanza kuwahesabu. Wakifika kumi, basi tena. Mkono mmoja unatafuta filimbi, wa pili unatafuta kamba, na ule uso wa kuchekesha watoto unakazwa kama kifuniko cha chupa ya dawa.

"Mmoja ni mtu," alipenda kusema. "Kumi ni kitu kingine."

Kamba yenyewe ilikuwa ya nailoni, rangi ya buluu. Ilitoka kwenye nguzo ya geti, ikapita kando ya tangi la maji, ikakata kona hadi barazani, pale mizani ya watoto inaponing'inia kwenye ndoano. Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa kwenye kitambulisho tu, nacho kilikaa droo ya chini. Miaka kumi na tisa alikuwa mlinzi wa foleni ile. Mtoto mmoja aliyemwingiza getini mwaka wake wa kwanza, akilia, sasa alikuwa anaingia na mtoto wake mwenyewe, naye analia vilevile.

Kila siku ya chanjo kazi ilikwenda namna moja. Babu Kamba aliingia kwa mlango mdogo wa nyuma, akavaa koti la kazi, akafunga kamba. Saa moja na nusu juu ya alama alipiga filimbi mara moja, ndefu, kisha akapitia mafundo yote ya kamba, ndipo akafungua geti la mbele. Na nje, kando ya ukuta, angewakuta kina mama wamesimama mstari mmoja ulionyooka kama mshono wa fundi. Kila siku. Miaka kumi na tisa.

"Unaiona filimbi hii?" angemwambia mgeni yeyote. "Bila hii, pangekuwa na maafa."

Hofu hiyo hakuzaliwa nayo. Aliipata ujanani kwenye uwanja wa mpira, siku mtu mmoja asiyejulikana hadi leo alipopiga kelele "Moto!" katikati ya jukwaa la mbao. Babu Kamba anakumbuka kuinuka kwenye kiti. Anachokumbuka baada ya hapo ni kwamba yuko mbali, nyuma ya kituo cha mafuta, anahema, kiatu kimoja hakipo, na kwapani ana kuku. Kuku mzima, jike, mweupe, anamtazama. Hakuwa na kuku alipoingia uwanjani. Hakuwa hata na haja ya kuku. Kwa kuwa alilelewa vizuri, alizunguka siku tatu akiuliza nani kapotelewa, na siku ya tatu akampata mwenye kuku, msichana aliyekuwa akijifunza kushona. Msichana alimpokea kuku, akamwangalia yeye juu mpaka chini, na mwaka uliofuata akawa mke wake.

"Nilikupa mimi," mkewe amemwambia kwa miaka thelathini na miwili. "Nilikuwa napita pale mlangoni natoka sokoni. Mkatoka mbio, mtoto wa watu akaanguka mbele yangu. Nikakwambia, kaka, nishikie kuku nimwinue mtoto. Ukamshika."

"Hukuniambia kitu."

"Nilikwambia."

"Mke wangu, pale hapakuwa na mtu wa kuambiwa. Akili zilikuwa zimeshahama. Umati ndio ulinipa kuku."

"Haya. Umati ulikupa kuku. Na mke je, ulipewa na nani?"

Hapo Babu Kamba huitafuta miwani yake, ambayo kwa kawaida iko usoni.

Hofu bila elimu ni hofu tu. Ikipata elimu inageuka msimamo. Elimu ya Babu Kamba ililetwa na mwanafunzi wa chuo, msichana mwembamba mwenye ubao wa kuandikia, aliyekaa wiki tatu kwenye benchi nje ya geti akihesabu kina mama na kuandika. Alikuwa na adabu, alimletea Babu Kamba chai, na alipomaliza utafiti wake akaondoka na kusahau bunda la karatasi zilizoshonwa kwa plastiki. Juu yake paliandikwa: *Historia ya Fikra za Wanazuoni kuhusu Umati na Mwenendo wa Watu Wakiwa Pamoja.*

Babu Kamba alilibeba nyumbani ili amtunzie mwenyewe. Kwenye kizingiti ile plastiki ikakatika, bunda likawa mawili. Nusu ya kwanza ilibaki mkononi mwake. Nusu ya pili mkewe aliiokota, akaipima kwa macho, akaisukuma chini ya mguu wa meza ya cherehani, mguu uliokuwa ukichechemea tangu wahamie nyumba ile. Meza ikatulia kabisa.

"Nikimaliza hii nitaichukua hiyo," alisema Babu Kamba.

Hakuichukua. Ile ya kwanza ilimtosha, tena ilimzidi. Ilisimulia habari za wanazuoni wa zamani, zaidi ya miaka mia iliyopita, walioona maasi mitaani wakaingiwa na woga. Hao walisema mtu akiingia kwenye umati anaacha akili zake mlangoni kama viatu. Walisema hisia zinaambukiza kama mafua, mmoja akipiga chafya ya hasira mia nzima wanaugua. Mwingine akasema siri yote ni kuigana, watu wanaigana kama waliolazwa usingizi wa mazingaombwe. Mwingine tena akasema umati hauna kichwa, na ndiyo maana unatafuta kichwa cha mtu mmoja wa kuuongoza. Babu Kamba alipofika hapo alipiga mstari kwa kalamu, kisha akapiga mwingine chini ya ule wa kwanza. Mtu mmoja wa kuuongoza. Alijigusa kifua, mahali filimbi ilipolala.

Tangu hapo nyumba haikupumua.

"Kwenye umati, mke wangu, mwenye digrii na asiyejua kusoma wanakuwa sawasawa."

"Akili ni nywele," mkewe alimjibu huku akitunga uzi, "kila mtu ana zake."

"Kwenye umati wote wananyolewa."

"Kumbe! Na wahenga waliosema penye wengi hapaharibiki neno?"

"Hao hawakulinda geti."

Mkewe alicheka mpaka sindano ikamtoka mkononi. Yeye alisoma mpaka darasa la saba tu, lakini wateja wakiadimika alikuwa na tabia ya kuchomoa ile nusu ya pili, akaweka tofali mahali pake, na kusoma kurasa mbili tatu kabla ya kuirudisha. Alasiri moja aliinua kichwa.

"Profesa wangu, humu wale wazee wako wanapingwa. Tena huyu mwanafunzi kaandika kwa penseli pembeni, habari za geti lenu. Sikiliza..."

"Usinirukishe," alisema Babu Kamba akiinua kiganja kama anazuia foleni. "Nitafika huko mwenyewe."

"Utafika lini? Mwezi wa nne huu uko ukurasa wa arobaini."

"Kitabu hakikimbiliwi."

Basi mkewe akarudisha nusu yake chini ya mguu wa meza, akaendelea na pindo.

Wiki mbili kabla ya siku ninayotaka kuisimulia, Matroni, ndiye muuguzi mkuu wa kliniki, alimwita ofisini na kumkaribisha kiti. Babu Kamba hakupenda kukaribishwa kiti. Matroni alikuwa mtu wa kuongea na watu wakiwa wamesimama.

"Mzee wangu," alisema, "ofisi kuu inamtuma mkaguzi. Jumatatu ya chanjo, wiki mbili kutoka leo. Wamesikia kuna kliniki zinatumia namba za plastiki. Mama akifika anachukua namba, anakaa, anasubiri kuitwa. Wanataka kuona kama hapa foleni inahitaji mtu, au inahitaji kasha la namba."

"Kasha?"

"Kasha."

"Kasha linapiga filimbi?"

Matroni aliangalia meza yake. "Mimi nimekusifia kwenye barua. Lakini ataamua kwa macho yake."

Siku hiyo Babu Kamba alikwenda nyumbani polepole. Alijua wanaume wa mtaani kwake walioachishwa kazi. Mwezi wa kwanza wanatengeneza kila kilichoharibika nyumbani, mwezi wa pili wanaharibu kilicho kizima ili wakitengeneze, mwezi wa tatu wanageuka kiti, watu wanafagia wakiwazunguka. Na kulikuwa na jambo jingine ambalo hakumwambia mtu. Asubuhi za chanjo watoto mia hamsini kwa mwezi walimwangalia usoni. Angewapata wapi wengine?

"Nitamwonyesha mstari," alimwambia mkewe. "Mstari ambao hajapata kuuona maishani."

Alhamisi iliyotangulia ile Jumatatu ndipo alipofanya kosa kubwa, au yeye aliliita kosa. Alikuwa anapita kando ya kamba, akiikaza hapa na pale, akafika karibu na mwisho, kwa mtu wa thelathini na moja. Mama kijana, ndiye yule yule aliyeingizwa getini akiwa mchanga. Mtoto wake alikuwa amefunikwa shuka. Babu Kamba aliinama kumkunjia uso kama kawaida, na mtoto hakumwangalia. Shingo ilikuwa imelegea. Mbavu zilikuwa zinaingia ndani kila akivuta pumzi, kama kitambaa kinachonyonywa na upepo. Mama alikuwa anasema, "Amechoka tu, Babu, hakulala," kwa ile sauti tunayoitumia tukitaka mtu atukubalie.

Babu Kamba hakuwaza. Alishika mkono wa yule mama, akainua kamba kwa kichwa chake mwenyewe, akawapitisha mbio mbele ya watu thelathini, mpaka kwenye mlango wa muuguzi, akausukuma bila kubisha.

Alipotoka nje ndipo alipokumbuka alichofanya. Amevunja foleni. Yeye! Mbele ya watu thelathini walioamka alfajiri. Alisimama barazani, akafumba macho, akasubiri kupigwa na kitu.

Hakikuja kitu. Mama Pacha, aliyekuwa wa kwanza kwenye mstari na mapacha wake mmoja mbele mmoja nyuma, alisema tu, "Babu, umekanyaga kamba." Wengine walisogea nusu hatua kumwachia nafasi.

Kwenye daftari la matukio ya siku aliandika kama alivyoandika kila siku: *Hakuna tukio.*

"Kwa nini hawakunifanya kitu?" alimuuliza mkewe jioni hiyo.

"Wewe unaonaje?"

"Nadhani walipumbaa. Kitabu kinasema umati unaweza kupumbaa."

"Au walikuwa na watoto," alisema mkewe, "wakaelewa." Lakini hilo halikuwemo kwenye nusu ya Babu Kamba.

Jumatatu ikafika. Ilikuwa miezi ya baridi, na Babu Kamba alifika saa kumi na mbili na nusu badala ya saa moja na robo, na fagio, na karai, na filimbi aliyoisugua kwa majivu mpaka ikang'aa. Matroni alikuwa amemwomba afagie na nje ya ukuta pia, ambako kwa kawaida hakufika. Akazunguka.

Kumbe watu wachafu namna hii! Kando ya ukuta, toka getini mpaka karibu na kona, palikuwa na takataka zimetupwa. Kandambili moja. Kopo jekundu. Kijiko. Jiwe lililofungwa utepe. Kofia ya mtoto. Chupa ya maji nusu. Ufunguo usio na kufuli. Kandambili nyingine, ya mguu uleule wa kushoto, ya mtu mwingine. Babu Kamba alitikisa kichwa, akashukuru kwamba amewahi kabla mkaguzi hajayaona haya, akaviokota vyote kimoja kimoja, thelathini na saba, akavitia kwenye karai. Alivichanganya vizuri ili viingie. Kisha akafagia ule ukuta mpaka udongo ukaonyesha michirizi ya fagio.

Saa moja na nusu aliingia ndani, akasimama nyuma ya geti, akavuta pumzi, akapiga filimbi moja ndefu. Akafungua papo hapo, bila kupitia mafundo.

Hapakuwa na mstari. Hapakuwa na mtu.

Halafu wakaja. Walitoka nyuma ya kona, upande wa mashariki ambako jua linafika mapema na mtoto mchanga anaweza kuota joto. Walikuja bila haraka, wakitandaza shuka mabegani, wakizungumza, kama wanavyokuja kila siku wakisikia filimbi, kila mmoja aokote kitu chake na kusimama alipokiacha. Wa kwanza kufika alikuwa Mama Pacha. Aliangalia ukuta. Akaangalia chini. Akaangalia mguu wake wa kushoto, uliokuwa mtupu.

"Babu, kandambili yangu iko wapi?"

Wakati mwingine mtu huelewa jambo kuanzia miguuni, likapanda taratibu. Babu Kamba aliangalia ile miguu mitupu iliyokuwa ikiongezeka, akaangalia lile karai lililokaa karibu na tangi, na miaka kumi na tisa ya mstari ulionyooka ikamgeuka mbele ya macho yake. Hawakuwa wanasikiliza filimbi ili wajipange. Walikuwa wameshajipanga kabla hajaamka, kwa vikopo na viatu, na filimbi kwao ilikuwa saa ya ukutani tu.

"Nilidhani ni taka," alisema, na sauti yake haikufika mbali.

"Amefagia foleni!" mtu alipiga kelele huko nyuma. "Jamani, Babu Kamba kafagia foleni!"

Basi umati ukawa umati. Thelathini na saba, na watoto wao, getini, wote wanaongea pamoja. Babu Kamba alirudi nyuma hatua moja, mgongo ukagusa nguzo. Hii sasa ndiyo yenyewe, aliwaza. Ukurasa wa kumi na mbili. Ingetosha mmoja kupiga chafya.

"Mimi nilikuwa wa tatu," alisema mwanamke mmoja mrefu, na tayari alikuwa anajisogeza.

"Wa tatu wa kesho?" aliuliza Mama Pacha.

Vicheko vikapasuka. Yule mrefu naye akacheka, huku akirudi nyuma kana kwamba alikuwa anapita tu.

"Mimi nilikuwa nyuma ya kijiko."

"Nani kijiko?"

"Kijiko mimi hapa. Mbele yangu kopo jekundu."

"Kopo jekundu ni mimi, na mbele yangu jiwe la utepe. Dada, si nilikuomba unitazamie jiwe?"

"Nililitazama mpaka jua likaniita."

"Babu, usisimame hapo kama umepigwa picha. Tuletee karai!"

Babu Kamba alileta karai. Hakujua afanye nini, akafanya alichoambiwa. Akawa anachomoa kitu, anakiinua juu, nao wanaita. "Ufunguo!" "Wangu, nyuma ya kofia." "Kofia!" "Hapa. Na mimi niko nyuma ya huyu mwenye mtoto anayenyonya, tulikuja pamoja." Wasiokumbuka walikumbushwa na wenzao. Wawili walibishana kuhusu chupa na sandali, kidogo tu, mpaka mmoja akasema, "Tangulia wewe, wako ana homa." Kandambili mbili za mguu wa kushoto zilileta mjadala, zikapimwa, zikapata miguu yake. Na mstari ukaanza kuota kando ya ukuta kutoka getini kwenda nyuma, taratibu, kama mshono.

Ilikuwa karibu na mwisho wa hayo, ameinua kandambili hewani kama dalali mnadani, alipoona gari limesimama na mwanamke mwenye faili amesimama kando yake. Matroni alikuwa pembeni, ameshika shavu.

"Endelea," alisema mkaguzi.

Kandambili ilikuwa ya mwisho. Mwenyewe aliichukua, akaivaa, akaingia kwenye nafasi yake. Mstari ulikuwa umenyooka. Watu thelathini na saba, hakuna aliyesukumwa, na Babu Kamba hakuwa ameigusa tena filimbi.

Mkaguzi alitembea toka mwanzo mpaka mwisho, akarudi. "Mstari mzuri sana," alisema. "Nani kawapanga?"

Jibu lilikuwa pale, limeiva, linasubiri kuchumwa. Matroni alimtazama kwa jicho la kumwambia chuma. Kina mama walijishughulisha na watoto wao. Hata Mama Pacha aliangalia pembeni, kumsitiri. Babu Kamba aliona kasha la namba, akajiona yeye amekuwa kiti sebuleni, mkewe anafagia akimzunguka. Akafungua mdomo.

"Wamejipanga wenyewe, mheshimiwa," alisema. "Mimi nilivuruga. Hii ni mara ya pili leo wanajipanga."

"Na siku nyingine?"

"Siku nyingine pia ni wao. Nimejua sasa hivi."

Mkaguzi aliandika. Aliandika kwa muda mrefu kuliko maneno yaliyosemwa. Kisha akauliza bila ubaya, kama mtu anayeuliza njia, "Kwa hiyo wewe, mzee, kazi yako hapa ni nini hasa?"

Babu Kamba alitafuta. Alitafuta kwenye ukurasa wa kwanza mpaka wa arobaini.

"Anaangalia watoto," ilisema sauti kutoka nyuma ya mstari. Alikuwa yule mama kijana wa Alhamisi. Mtoto wake alikuwa begani, amevaa kofia ya njano, ametoka kulazwa siku tatu, anatafuna ngumi yake. "Huyu wangu wiki iliyopita alikuwa wa thelathini na moja. Mimi mwenyewe nilisema amechoka tu. Babu ndiye aliyemwona. Akatuvusha mbele ya wote."

"Ni kweli," alisema Matroni. "Angengoja zamu yake, tusingeongea hivi."

Mkaguzi aliwageukia waliokuwa mbele. "Na nyinyi mlikubali mtu awapite?"

"Sasa tukatae nini?" alisema Mama Pacha. "Mama yangu, kupanga foleni tunaweza. Hata kwa vijiko. Kazi ni kujua pa kuivunja. Mimi siwezi kutembea nikifunua watoto wa watu, nitaambiwa nina jicho baya. Yeye babu yao, anafunua."

"Namba haina macho," alidakia Kijiko.

"Wala haikunji uso," alisema mwingine, na mstari mzima ukacheka, kwa sababu kila mmoja wao alikuwa ameshaona ule uso.

Mkaguzi aliomba daftari la matukio. Akaitafuta Alhamisi, akasoma kwa sauti: "Hakuna tukio." Akamtazama Babu Kamba juu ya miwani. "Mbona hukuandika?"

"Niliona aibu, mheshimiwa. Nilikuwa nimevunja foleni."

Mkaguzi alifunga daftari taratibu, na Matroni anaapa mpaka leo kwamba alikuwa anauma mdomo asicheke.

Barua ilikuja baada ya wiki tatu. Ilikuwa fupi. Kasha la namba halitanunuliwa. Kamba iondolewe. Mzee abaki, atembee kwenye mstari toka mwanzo hadi mwisho kila nusu saa, amwangalie kila mtoto, na mgonjwa sana ampeleke mbele. Na aandike. Neno "aandike" lilikuwa limepigwa mstari, tena mara mbili.

Babu Kamba alifika nyumbani na ile kamba imekunjwa begani. Mkewe aliipokea, akaifunga uani toka ukutani hadi kwenye nguzo, akaanika nguo. "Angalau shuka hazisukumani," alisema.

Babu Kamba alikuwa ameshaingia ndani. Alikuwa amepiga magoti chini ya meza ya cherehani. Alichomoa nusu ya pili, meza ikainama upande, bobini ikabingirika chini. Kabla mkewe hajalalamika, alichukua ile nusu ya kwanza, yenye mistari yake yote ya kalamu, akaisukuma mahali pale. Meza ikatulia. Unene ulikuwa uleule.

Alikaa mlangoni kwenye mwanga, akasoma. Humo wale wazee wa kwanza walikuwa wanajibiwa, mmoja baada ya mwingine. Walioandika ubaya wa umati, alisema mmoja, wengi waliuangalia kutoka dirisha la ghorofani. Wengine wakasema umati haumfanyi mtu mpya, unakuza tu kile alichokuja nacho. Wengine wakasema watu wakijikuta pamoja mahali pasipo na utaratibu, hutazamana, hunong'ona, hutaniana, na utaratibu unazaliwa palepale. Pembeni ya mistari hiyo palikuwa na mwandiko mdogo wa penseli: *Kama kandambili za ukutani. Mlinzi hajui! Nimwambie? Hapana, anapenda sana filimbi yake.*

"Ulilijua hili," alisema Babu Kamba.

"Uliniambia nisikurukishe."

Akafunua kurasa nyingine. Kulikuwa na habari za waliookoka kwenye moto na ajali, jinsi watafiti walivyowaendea kuwauliza, wakakuta waliokanyagana walikuwa wachache kuliko ilivyosemwa. Wengi walisubiriana. Walipeana mikono na watu wasiowajua. Walishikiana mizigo.

Aliusoma ukurasa huo mara mbili. Cherehani ilikuwa inakwenda, ikasimama, ikaenda tena.

"Hivi," aliuliza bila kuinua kichwa, "siku ile uwanjani ulisema maneno gani hasa?"

Mkewe alikata uzi kwa meno. "Nilisema, kaka, nishikie kuku."

Babu Kamba alivua miwani, akaipangusa kwa shati, akaivaa tena.

"Nadhani nilisikia," alisema.